Kabla ya kusoma msimamo wa ligi, hesabu mikono ya mpinzani

Mwaka 2016 timu ya besiboli ya Texas Rangers ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa na ushindi 95 na vipigo 67, rekodi bora kuliko timu zote za American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani. Kwenye karatasi ilikuwa timu ya kutisha. Ukifungua hesabu ya mikimbio, yaani pointi za besiboli, picha inageuka: walipata 765, wakaruhusu 757. Ziada ya mikimbio 8 kwa mechi 162! Kilichowabeba ni mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja, ambazo walishinda 36 na kupoteza 11. Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, ana hesabu yake rahisi: chukua mraba wa mikimbio uliyopata, ugawe kwa jumla ya mraba huo na mraba wa mikimbio uliyoruhusu. Kwa Rangers jibu ni asilimia 50 na nusu, sawa na ushindi 82 hivi. Oktoba, mwezi wa mechi za mtoano, ilipofika, Toronto Blue Jays wakawatoa kwa mechi tatu bila majibu.

Wachambuzi wengi huchukua mfano kama huo na kusema: basi achana na msimamo, tazama tofauti ya mikimbio. Ni kweli, lakini ni nusu ya kazi. Tofauti ya mikimbio inakueleza timu ilivyokuwa tangu Aprili. Wewe huchezi na Aprili. Unacheza na watu watakaokuwa na mkono mzima Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na hao si lazima wawe ndio waliotengeneza zile namba.

Hapa ndipo besiboli inapoachana na soka. Kwenye soka kipa wa Jumamosi ndiye kipa wa Jumatano, na ukimjua unamjua. Kwenye besiboli mtu muhimu kuliko wote uwanjani, mrushaji wa kuanza, hupanda kichuguu anachorushia siku moja kisha hakai tena pale mpaka siku ya tano au ya sita. Timu yenye warushaji watano wa kuanza ni timu tano tofauti zinazovaa jezi moja. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya mfululizo, yaani mechi tatu za kufuatana na timu ileile, si "wapo nafasi ya ngapi?" bali "tunakutana na nani kati ya wale watano?" Timu ya mkiani inayokuletea warushaji wake wa kwanza, wa pili na wa tatu ina hatari kuliko kinara anayekuletea wa tatu, wa nne na wa tano. Mpangilio huo unajulikana siku kadhaa kabla, na anayejua kuhesabu siku za mapumziko anaweza kuukisia hata kabla haujatangazwa.

Swali la pili ndilo linalosahaulika, nalo ni la warushaji wa akiba, wale wanaokaa bulipeni, eneo la pembeni wanakopasha mikono wakisubiri kuitwa. Fanya hesabu. Mechi moja ina inningi tisa, na katika kila inningi kila timu hupata zamu ya kupiga; mechi tatu ni inningi 27. Siku hizi mrushaji wa kuanza akitoka na inningi tano na kidogo amefanya kazi ya kawaida, hivyo watatu wanabeba 15 au 16. Zinabaki 11 au 12 ambazo lazima zirushwe na watu wa bulipeni. Zaidi ya theluthi moja ya mfululizo mzima iko mikononi mwa watu ambao majina yao hayapo kwenye matangazo ya mechi.

Katika ligi kuu ya Marekani timu ina wachezaji 26, na warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Ondoa watano wa kuanza, wanabaki wanane. Kaa na karatasi, andika majina yao wima, siku nne zilizopita kwa mlalo, na katika kila kisanduku idadi ya mipira aliyorusha. Kazi ya dakika kumi, na hakuna ripoti ya kurasa arobaini inayoishinda kwa faida.

Tuseme mfululizo unaanza Ijumaa usiku. Mmaliziaji wao, yule wa inningi ya tisa, alirusha mipira 18 Jumatano na 22 Alhamisi. Wa inningi ya nane alirusha 15 Jumanne, akapumzika, kisha 27 Alhamisi. Wa mkono wa kushoto hajaguswa tangu Jumapili. Mbeba mizigo, yule anayeingizwa mechi inapoharibika mapema, alirusha 46 Jumatano. Waliobaki wanne wamepumzika vizuri, lakini ndio wale ambao kocha huwatoa kabatini timu ikiongoza kwa mikimbio saba au ikiwa nyuma kwa saba.

Sasa isome. Makocha wengi leo hawamtumii mtu siku tatu mfululizo, hivyo Ijumaa mmaliziaji yuko nje. Aliyerusha 27 jana naye atapumzishwa, labda mambo yawe mabaya mno. Wa mipira 46 hajafikisha mapumziko. Ijumaa hiyo wana mtu mmoja wa kuaminika bulipeni na wanne wa kubahatisha. Jumamosi mmaliziaji anarudi, na Jumapili karibu wote watakuwa wazima. Mlango uko wazi usiku mmoja tu. Kama una mpigaji nyota anayedai siku ya kupumzika, usimpe Ijumaa. Na kama mrushaji wao wa Ijumaa ndiye bora wao, bado usikate tamaa, kwa sababu lengo lako usiku huo si kumpiga sana bali kumtoa kichuguuni mapema.

Kumtoa kunahitaji hesabu nyingine. Anayetumia mipira 15 kwa inningi atafika ya sita akiwa na 90, na hapo anakabidhi mechi kwa watu wachache. Anayelazimishwa kutumia 20 anafika 100 mwisho wa inningi ya tano, na kocha anashika simu ya bulipeni huku akiomba Mungu. Ushauri wa mazoea ni kwamba wapigaji wasubiri, wasirushie gongo mpira wa kwanza. Ushauri huu umewaua wengi. Kwa wastani warushaji wa ligi kuu hupata straiki (mpira unaohesabiwa dhidi ya mpigaji; tatu zinamtoa) kwenye mpira wa kwanza karibu mara 60 kati ya 100. Kama unakutana na mtu wa 55, subiri, atajichosha mwenyewe. Kama ni mtu wa 67, kusubiri ni kumpa zawadi: kila mpigaji wako anaanza na straiki moja mgongoni, na mrushaji sasa ana ruhusa ya kurusha takataka nje ya eneo la straiki. Kwa mtu wa namna hiyo mpira wa kwanza ndio huenda ukawa mzuri kuliko yote utakayoiona. Kwa hiyo kabla ya kuwaambia vijana "kuweni na subira", tazama namba hiyo moja.

Kuna mtego kwenye karatasi ya bulipeni. Mpinzani naye ana karatasi yake, na asubuhi ya Ijumaa anaweza kumshusha ligi ndogo yule wa mipira 46 na kumpandisha mtu mwenye mkono mpya. Kanuni inasema mrushaji aliyeshushwa hivyo akae huko siku 15 kabla ya kurudi, isipokuwa anapoziba nafasi ya majeruhi. Ndiyo maana timu haishushi mtu inayemtegemea, ila mbeba mizigo hushushwa bila huruma. Pembeni ya kila jina weka alama: anaweza kushushwa au hawezi. Wenye alama ya kwanza usiwahesabu kama mikono iliyochoka. Wahesabu kama nafasi itakayojazwa na mtu usiyemjua, na umtafutie video mapema huyo wa ligi ndogo aliyepumzika siku nne.

Baada ya kujua nani watakuwepo, unakuja ubora wao, na hapa ERA, wastani wa mikimbio anayohesabiwa mrushaji kwa kila inningi tisa, inawadanganya watu kila wiki. ERA inachanganya kazi ya mrushaji na kazi ya walinzi walio nyuma yake, pamoja na bahati ya mpira kuangukia pasipo na mtu. Tuseme mtu amerusha inningi 60 na ERA yake ni 2.80. Ameruhusu homurani (mipira iliyopigwa ikatoka nje ya uwanja) 8, amewapa besi ya bure au kuwagonga kwa mpira watu 25, amewatoa kwa straiki tatu 45. Hesabu ya FIP, kipimo cha kazi ya mrushaji bila walinzi wake, inatazama hayo matatu tu: homurani mara 13, besi za bure na waliogongwa mara 3, toa waliotolewa kwa straiki mara 2, gawa kwa inningi, ongeza takriban 3.10. Unapata 104 jumlisha 75 toa 45 mara mbili, yaani 89. Gawa kwa 60 ni 1.48, jumla 4.58. Mtu wa 2.80 na mtu wa 4.58 ni yuleyule. Mipira inayopigwa ikabaki uwanjani huangukia salama karibu mara 29 au 30 kati ya 100 kwa wastani wa ligi. Ukikuta wake inaangukia salama mara 22, jua anaishi kwa mkopo. Haimaanishi deni litadaiwa Ijumaa hii, lakini usiwape vijana wako hofu ambayo namba haziwezi kuilipia.

Muhimu kuliko msimu mzima ni mechi zake tatu za mwisho, na ndani ya hizo kitu cha kwanza ni kasi. Mrushaji aliyekuwa anarusha maili 95 kwa saa, karibu kilomita 153, akaonekana kwenye 93 mechi mbili mfululizo, ama ameumia ama amechoka. Kitu cha pili ni mpira mpya. Warushaji hujifunza silaha katikati ya msimu, na ripoti ya Mei inayosema "ana aina tatu" inakuwa uongo Julai. Kitu cha tatu ni anachokimbilia akibanwa. Hesabu ikiwa boli (mipira ya nje ya eneo ambayo mpigaji ameiacha) tatu straiki mbili, au boli mbili bila straiki, anaamini mpira gani?

Hilo la mwisho lina ushahidi mashuhuri. Oktoba 15, 1988, mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali za ligi kuu, Oakland Athletics wanaongoza Los Angeles Dodgers 4-3, inningi ya tisa, auti mbili, ikibaki moja tu mechi iishe. Kichuguuni yupo Dennis Eckersley, mmaliziaji bora wa wakati ule. Dodgers wakamtoa Kirk Gibson benchi akichechemea kwa maumivu ya miguu yote miwili. Mpelelezi wa Dodgers wa kuwachunguza wapinzani, Mel Didier, alikuwa amewaonya wapigaji wa mkono wa kushoto: hesabu ikifika tatu kwa mbili, Eckersley atakuletea slaida ya mlango wa nyuma, ile inayoanza nje kabisa kisha inajipinda kurudi kwenye ukingo wa nje wa pleti, kibao anachosimama kando yake mpigaji. Hesabu ikafika tatu kwa mbili. Gibson akatoka kwenye kisanduku kidogo, akalikumbuka lile onyo, akarudi. Slaida ikaja. Mpira ukaishia kwenye viti vya upande wa kulia, 5-4, na Dodgers wakachukua ubingwa kwa mechi tano. Gibson hakupiga tena mpira mwingine katika fainali hizo.

Watu hupenda hadithi hiyo kwa sababu ya miguu ya Gibson. Mimi nashangazwa zaidi na ufupi wa ripoti. Haikuwa "Eckersley ana slaida nzuri", jambo ambalo hata muuza tiketi alilijua. Ilikuwa mrushaji huyu, kwa mpigaji wa upande huu, hesabu ikiwa hii, mpira huu, mahali hapa. Mambo matano katika sentensi moja, na yanabebeka kichwani hata mtu akiwa na maumivu mbele ya mashabiki elfu hamsini na kitu. Ripoti isiyofika kwenye ukubwa huo bado haijaiva.

Wapigaji wao nao wanasomwa hivyohivyo. Achana na wastani wa kupiga. Katika tisa waliopangwa, kwa kawaida wawili au watatu ndio wenye uwezo wa kukuharibia mfululizo, na kazi ni kuhakikisha hawaji kupiga kukiwa na watu kwenye besi. Hiyo inamaanisha kwamba mtu hatari zaidi kwako huenda ni yule dhaifu wa nafasi ya tisa anayefika besi ya kwanza kwa sababu mrushaji wako alidharau akampa besi ya bure. Nenda kinyumenyume: tafuta nyota, kisha wasome wawili wanaomtangulia.

Kwa nyota mwenyewe, mambo yanayofaa ni machache. Anarushia gongo mipira iliyo nje ya eneo mara ngapi, na iliyo nje upande gani? Akiwa na straiki mbili anafupisha mpigo au anaendelea kupiga kama anapasua kuni? Na mipira ya faulo, ile anayoigusa ikatoka nje ya mistari, inaelekea wapi? Hili la faulo linaonekana kwa macho, halihitaji kompyuta. Mpigaji wa mkono wa kulia akipeleka faulo upande wa besi ya kwanza, gongo limechelewa, kasi imemzidi. Endelea kumpa kasi. Kosa ambalo wadakaji vijana, wale wanaopokea mipira na kuchagua aina ya kurushwa, hulirudia ni kusema "ameshauona wa kasi mara tatu, tumbadilishie", wakaita mpira wa taratibu, na gongo lililokuwa limechelewa ghafla likawa limefika kwa wakati wake. Umemsaidia mwenyewe. Faulo zikienda upande wa besi ya tatu, hapo amewahi, na hapo ndipo chenjapu (mpira wa taratibu unaojifanya wa kasi) au mpira wa kupinda unapolipa.

Sasa rekodi ya ana kwa ana. Runinga inaipenda: "amempiga mrushaji huyu mara 6 katika 14." Itupe. Mara 14 ni kidogo mno, na nyingine huenda zilitokea miaka minne iliyopita, mrushaji akiwa na kasi nyingine na mpigaji akiwa na magoti mengine. Swali lenye maana ni namna anavyopiga mipira ya aina hiyo, kwa kasi hiyo, kutoka kwa mkono wa upande huo, hata kama iliwahi kurushwa na watu thelathini tofauti. Hapo unapata mamia ya mipira ya kusoma badala ya kumi na nne.

Upande wa mkono bado una uzito, na umeongezeka uzito tangu 2020, mwaka ambao kanuni ilianza kumlazimisha mrushaji anayeingia kukabili wapigaji watatu au kumaliza inningi. Zamani kocha alimwingiza mtu wa mkono wa kushoto kwa mpigaji mmoja kisha akamtoa. Leo akimwingiza kwa ajili ya nyota wako wa kushoto, lazima avumilie na wawili wanaofuata. Hivyo angalia mpangilio wao wa kupiga: kushoto, kulia, kushoto, kulia unaashiria kocha aliyekaa akafikiri, na mrushaji wako wa kushoto hatakuwa na mahali pazuri pa kuingia. Wakipangwa wa kushoto wawili au watatu kwa kufuatana, weka alama hapo na umwekee mtu wako inningi ya saba. Angalia pia benchi yao: yupo wa kulia mwenye nguvu wa kuingia badala? Kama yupo, mtego wako umeshateguliwa.

Mkumbuke na mzunguko wa tatu. Wapigaji huongeza makali kila wanapomwona mrushaji yuleyule tena ndani ya mechi moja, na mara ya tatu ndiyo hatari, kwa kawaida inningi ya tano au ya sita. Kocha mpinzani huwa anamtoa mtu wake hapo au anamwachia? Hilo ni tabia yake, na tabia inasomeka kwenye mechi ishirini zilizopita. Anayewaachia, mngojee. Anayewahi kuwatoa, rudi kwenye karatasi yako ya bulipeni.

Kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata mrushaji anapoanza kurusha, ni somo la saa ya mkononi. Mrushaji wa kawaida hutumia sekunde 1.3 tangu aanze mwendo mpaka mpira ugonge glavu ya mdakaji. Mdakaji wa kawaida hutumia sekunde 2.0 kuutoa glavuni na kuufikisha besi ya pili. Jumla 3.3. Mkimbiaji mzuri, akiwa amejisogeza vizuri kutoka besi ya kwanza, anahitaji 3.4 hivi. Kwa hiyo kwa jozi hiyo anashikwa. Lakini mpe mrushaji wa 1.5 na mdakaji yuleyule, jumla inakuwa 3.5, na sasa mkimbiaji anafika kwanza. Sehemu mbili za kumi za sekunde zimebadilisha mechi, na zimetoka kwenye mguu wa mrushaji, wala si kwenye mkono wa mdakaji anayelaumiwa. Ndiyo maana swali sahihi haliwi "mdakaji wao ana mkono gani?" peke yake. Pima jozi.

Septemba 30, 2014 Kansas City Royals waliwaonyesha Athletics maana ya kupima jozi. Mrushaji wa Oakland alikuwa Jon Lester, fundi hasa, lakini mtu aliyekuwa karibu haurushi mpira besi ya kwanza kabisa kumzuia mkimbiaji. Oakland walimpanga Geovany Soto adake, akaumia kidole gumba na kutoka mapema, akaingia Derek Norris. Royals walikuwa nyuma 7-3 kuingia sehemu yao ya inningi ya nane. Wakakimbia, wakakimbia tena. Besi saba ziliibwa usiku ule na wakashinda 9-8 katika inningi 12. Udhaifu wa Lester haukuwa siri. Royals ndio waliokuwa na miguu ya kuutumia, na waliendelea kuutegemea hata walipokuwa nyuma kwa mikimbio minne, wakati ambapo vitabu vya zamani vingewaambia watulie.

Tangu 2023 hesabu hiyo imelegea zaidi kwa mkimbiaji. Besi zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, saa inamkimbiza mrushaji, na akishajaribu mara mbili kumzuia mkimbiaji kwa mpigaji mmoja, jaribio la tatu lisipoleta auti mkimbiaji anapewa besi. Besi zilizoibwa ligi nzima zilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Kwa hiyo hesabu majaribio: mrushaji akishatumia mawili, mkimbiaji wako anaweza kujiongezea hatua nzima. Na usisahau Jumapili. Mechi ya mchana baada ya mechi ya usiku, mdakaji namba moja mara nyingi hupumzishwa. Karatasi ya kuiba besi uliyoiandika Ijumaa ikiwa na sekunde za mdakaji wa kwanza haikufai Jumapili. Weka safu ya pili kwa ajili ya mdakaji wa akiba, na kumbuka pia kwamba mrushaji wa Jumapili huenda hajazoea kupokea ishara zake.

Uwanja nitaupitia haraka kwa sababu watu huuzungumza kupita kiasi. Coors Field ya Denver, iliyo karibu mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, hupunguza mpindo wa mipira na kuipeleka mbali. Mrushaji anayeishi kwa mpira wa kupinda usimwogope sana pale. Fenway Park ina ukuta wa futi 37 upande wa kushoto, futi 310 tu kutoka pleti, na mlinzi mgeni asiyejua mpira unavyodunda pale atamzawadia mpigaji besi ya ziada. Kwingineko uwanja ni jambo la tano au la sita.

Kusoma ishara kuna mpaka wake. Kumtazama mrushaji mpaka ugundue kwamba glavu yake hutanuka anapotafuta mshiko wa chenjapu ni kazi halali, tena ya kusifiwa. Kutumia kamera ni jambo jingine: Houston Astros walifanya hivyo msimu wa ubingwa wao wa 2017, na adhabu ya 2020 ilikuwa dola milioni 5, kunyang'anywa chaguo za wachezaji wapya za raundi mbili za kwanza kwa miaka miwili, na kufungiwa mwaka mmoja kwa kocha na meneja mkuu. Tangu 2022 mdakaji anaweza kutuma ishara kwa kifaa cha kielektroniki, kwa hiyo vidole vya mdakaji havina tena hazina ileile. Glavu ya mrushaji bado inayo.

Yote haya yanakupa nini? Pungufu ya wanavyodhani mashabiki. Tuseme umefanya kazi nzuri na unaamini una nafasi 60 kati ya 100 katika kila mechi, ambayo ni nafasi kubwa sana kwa mchezo huu. Uwezekano wa kushinda angalau mbili kati ya tatu ni asilimia 65. Kuzoa zote tatu ni asilimia 22. Mara moja katika kila mifululizo mitatu hivi unapoteza ukiwa timu bora yenye ripoti bora. Anayekuambia "tunawafagia hawa" hajafanya hesabu, au ameifanya akaificha.

Na kabla ya kuifunga karatasi, chora nyingine ya pili, ya timu yako mwenyewe. Majina wima, siku kwa mlalo, mipira kwenye visanduku. Mtu wa upande wa pili ameshaichora, na kama mmaliziaji wako alirusha 31 Alhamisi, mpango wao wa Ijumaa umeanzia kwenye kisanduku hicho.